Kishimo cha Ishirini na Sita

Novemba 4

Mimi ni Lazhar bin Amor, na nina miaka themanini na moja. Wafaransa walikuja wakaondoka, mimi nipo. Bey, mfalme wetu, aliondolewa, mimi nipo. Marais nimeacha kuwahesabu. Nimezika mke mmoja mwema, nyumbu wanne, na daktari wa Teboursouk aliyeniambia nikiendelea na tumbaku sitafika sabini. Yeye hakufika sitini, Mungu amrehemu. Mazishini kwake nilivuta mbili.

Daftari hili nilipewa na mwalimu wa darasa la watu wazima miaka tisa iliyopita. Alitaka tuandike kila siku. Sikuandika hata mara moja, kwa sababu niliyo nayo huwa nayasema na watu wanasikia. Lakini leo nimemtembeza hanshirini mgeni mkubwa, Daktari Emna kutoka mji mkuu, bingwa wa mawe ya Kirumi, na kila nilichotamka alikiandika. Nikasema, kama maneno yangu yanafaa daftari lake, yanafaa na langu.

Hanshiri ndilo jina letu la ule mji uliobomoka kilimani. Nilizaliwa humo, katika nyumba ambayo bango siku hizi linaiita Nyumba ya Nguzo Nne. Sisi tuliiita kwetu. Mama alioka mkate pale wageni wanapopigia picha. Baadaye tulihamishwa wote tukaletwa huku bondeni ili wachimbaji wachimbe, na mimi nikapewa filimbi na kofia nikawa mlinzi kwa miaka thelathini na minane. Nimestaafu, lakini wageni wakifika mlangoni Fethi wa tiketi bado ananipigia kelele: "Ami Lazhar! Wateja wa uongo wamekuja!" Ndiyo heshima anayonipa.

Daktari nilimpitisha njia yangu, si ile ya mishale. Tuliingia mlango wa chini, tukafuata barabara yenye mifereji ya magurudumu, tukapita mabafu, tukapanda hadi ukumbi wa maonyesho. Nilimsimamisha juu kabisa, mimi nikashuka chini nikapiga kofi moja, akalisikia kama limepigwa sikioni mwake. Tukamalizia sokoni, mbele ya hekalu, kwenye ngazi ya tatu, penye jiwe la kharbga.

Kharbga wazee wa hapa huicheza kama wengine wanavyocheza bao. Vishimo vitano kwa vitano. Kete tunaziita mbwa, kila mtu ana mbwa kumi na wawili, na kishimo cha katikati kinaachwa wazi ili mchezo uanze.

"Hapa," nikamwambia, "askari wa Kaisari walicheza wakisubiri mshahara."

"Na hiki cha pembeni? Mbona ni cha ishirini na sita?"

"Hicho cha mafuta. Kabla ya kucheza walimdondoshea mungu wao wa kike tone moja, asiwaangushe."

Alipiga magoti juu ya jiwe na suruali yake nzuri. Ni binti wa umri wa wajukuu zangu. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho nchi nzima. Nikamwambia, na hutaona, maana kipo kwangu tu.

Novemba 5

Mvua hakuna. Zeituni zimesinyaa mtini. Goti la kushoto linauma.

Novemba 9

Daktari amerudi na vijana wawili wa kupima. Wamelisafisha jiwe kwa brashi ndogo kama wanalisugua meno. Nilifurahi. Nikasimama pembeni nikiwaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyelionyesha.

Kisha Fethi akaja na glasi yake ya chai. "Ami Lazhar, jiwe lako limepata bahati. Linakwenda jumba la makumbusho."

"Linakwenda wapi?"

"Mji mkuu. Watalikata kwenye ngazi. Zeituni zikiisha linakuja lori."

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii, karatasi ameiona, ina mihuri mitatu.

Nimerudi nyumbani, sikula. Binti yangu Saida, ninayekaa naye, aliweka mkate na harisa ya pilipili mbele yangu, akaondoa, akaweka tena. Sikumwambia. Nakwambia wewe daftari.

Jiwe lile si la Warumi. Ngazi ni yao, vishimo si vyao. Vishimo tulichimba sisi, mimi nikiwa na miaka tisa na kaka yangu Mokdad ana kumi na miwili, majira ya kuchunga mbuzi, tukitumia kigingi cha chuma cha kufungia nyumbu ambacho binamu yetu Mabruka alikiiba kwa baba yake. Mabruka alikuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kuangalia njia. Tulichukua wiki mbili. Mokdad alipokuwa na miaka ishirini alikwenda Bizerte pamoja na vijana wa kujitolea, kiangazi kile cha vita na Wafaransa. Walizikwa wengi pamoja, na hakuna aliyeweza kutuambia yeye yuko upande upi. Hana kaburi. Hana picha, hatukuwa watu wa picha. Ana vile vishimo.

Hadithi ya askari na mafuta niliitunga mwenyewe nilipokuwa mlinzi. Mlinzi hawezi kusema, wageni wangu, uharibifu huu nilifanya mimi. Na kile cha ishirini na sita kina habari yake peke yake. Hiyo siandiki.

Novemba 10

Nimemwambia. Nilimkuta chini ya hema lake pale sokoni nikamwambia waziwazi.

"Daktari, jiwe lile nilichimba mimi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Ami Lazhar, umechoka na Warumi leo?"

"Nasema kweli. Mimi na kaka yangu."

"Lakini kitabu cha mwongozo kinalitaja. Kile cha Mjerumani." Akakitoa, kimejaa vikaratasi. "Tazama. Askari, mshahara, mafuta ya mungu wa kike. Kina miaka thelathini na minane."

"Kitabu nilikiambia mimi!"

"Ndiyo, wewe ulimwonyesha mahali. Amekushukuru ukurasa wa mwisho."

"Sikumwonyesha mahali. Nilimpa uongo, naye akaupeleka kwa mchapaji!"

Akanimiminia chai. Alisema wazee wengi huingiwa na uchungu kitu kinapohamishwa, na yeye anaelewa. Haelewi! Maisha yangu yote nimesema uongo nikaaminiwa hadi Ujerumani. Siku moja nasema kweli, napewa chai.

Novemba 13

Leo nilivaa kashabia mpya, lile joho letu la sufu, nikarudi. Mtu akivaa vizuri anasikilizwa.

Daktari alinionyesha kifuko cha plastiki. Ndani mna ncha ya chuma, ndogo kama ukucha wa dole gumba, imeliwa na kutu. Wameitoa ndani ya kishimo cha ishirini na sita. Kwenye kifuko wameandika: chuma, cha kale.

Nikaijua hapo hapo. Kigingi kilivunjika kikiwa kishimoni, na ndiyo maana kishimo kile hakina kina kama wenzake. Nikamwambia, hiyo ni ncha ya kigingi cha Hsin, baba wa Mabruka, na Mabruka alichapwa kwa ajili yake.

"Kigingi chenyewe kiko wapi?" akaniuliza.

Kigingi kipo. Kimechomekwa uani kwa Mabruka mpaka leo, anafungia mbuzi. Kila nikipita nakiona. Lakini mimi na Mabruka hatusemeshani, mwaka wa thelathini na moja huu.

"Ami?" akasema.

Nikamwambia kimepotea. Ndiyo, nilisema uongo tena. Ulimi ulishazoea njia.

Novemba 14

Upepo. Sina la kuandika.

Novemba 17

Tumeanza kuchuma. Ngazi tatu, turubai mbili, na Saida na jirani zake wanaongea kuliko wanavyochuma. Mimi huwa nachuma mti mzima kabla wao hawajamaliza tawi, uliza mtu yeyote. Leo nilichuma nusu, sababu ya goti.

Saida amekwisha sikia, kijiji kizima kimesikia. Akiwa juu ya ngazi akaniambia, "Baba, si uende tu kwa Bi Mabruka?"

"Afadhali lichukuliwe na ngazi zake zote."

"Ulimtukana wewe, si yeye."

Ni kweli, ingawa si kazi ya mtoto kunikumbusha. Siku hiyo nilikuwa na Wabelgiji ishirini, nimefika kwenye mafuta ya mungu wa kike, wote wameshika kalamu. Mabruka anapita na mzigo wa kuni. Akasimama akasema kwa sauti, "Warumi gani? Hivyo vishimo alichimba huyu na kaka yake, mimi nilikuwepo." Mkalimani akafasiri. Wabelgiji wakacheka. Nami na filimbi yangu na kofia yangu nikamwambia mbele yao wote: "Msimsikilize, huyu mwanamke ni mwongo, kijiji chote kinamjua." Akatua kuni, akanitazama, akazibeba tena. Tangu siku hiyo hajaniambia hata salamu. Mke wangu alipofariki alikuja, akawapa mkono watu wote, akaniruka.

Sitakwenda.

Novemba 22

Mvua! Imeanza alfajiri, inapiga kama inadai. Barabara ya kilimani imekuwa tope mpaka magotini. Fethi anasema lori haliwezi kupanda hata likisukumwa na malaika. Nimekula sahani mbili.

Novemba 23

Mvua.

Novemba 24

Mvua. Saida analalamikia zeituni zinazoanguka. Mimi silalamiki.

Novemba 28

Mvua imekatika tangu juzi. Nimekwenda kwa Mabruka. Nilikuwa napita tu, nikasimama kufunga kamba ya kiatu kwenye ua wake. Alikuwa akimlisha mbuzi maganda. Kigingi kile pale.

"Salaam aleikum," nikasema.

Akamwambia mbuzi: "Umesikia sauti? Mimi sikusikia. Labda upepo."

"Mabruka, wanalichukua jiwe la Mokdad."

Mkono ulisimama kidogo. Kisha akaendelea, na mbuzi wake. "Mwambie huyo mtu, jiwe ni la Warumi. Kijiji kizima kinajua. Anayesema vingine ni mwanamke mwongo."

"Nataka kigingi tu. Siku moja."

"Mwambie, kigingi hiki nilichapwa kwa ajili yake fimbo kumi na nne, wala sikuwataja. Mwambie watu wawili walikuwa wamejificha juu ya paa wakihesabu."

Tulihesabu kweli. Mokdad alisema kumi na tatu.

"Basi unataka nini?" nikamuuliza.

Hapo ndipo aliponitazama. Amezeeka, meno ya mbele hana, lakini macho ni yale yale ya kuangalia njia. Akasema na mimi mwenyewe, mara ya kwanza kwa miaka thelathini na moja: "Pale pale uliposimama. Kwa sauti ile ile. Mbele ya watu. Useme Mabruka alisema kweli."

"Chukulia nimekwisha kubali, nipe kigingi, halafu nitasema."

"Mbuzi," akasema, "twende ndani."

Nimerudi nimechafuka roho. Mwanamke mkaidi sijapata kuona. Ukoo wetu wote hauna mtu mkaidi kama yeye.

Desemba 2

Nimepata njia bila Mabruka. Ninachonga jingine. Uani kuna kipande cha ngazi cha jiwe lile lile, baba alishuka nacho tulipohamishwa, Saida anafulia nguo juu yake. Nimechukua patasi. Daktari akiona vishimo vimetoka mkono ule ule atanyamaza mwenyewe.

Saida anauliza atafulia wapi. Nikamwambia historia haingoji nguo.

Desemba 5

Siku tatu, vishimo ishirini na sita. Mtu wa miaka themanini na moja! Kijana wa siku hizi angeomba likizo. Vidole vimevimba, kalamu naishika kama jembe.

Desemba 6

Nililipandisha kwa mkokoteni wa punda wa jirani. Fethi alifungua mlango akitikisa kichwa. Nikalitua mbele ya Daktari, nikasema, "Haya. Linganisha."

Akalinganisha. Aliinama kwa lenzi yake, akaenda kwenye ngazi ya tatu, akarudi, akaenda tena. Moyo wangu ulikuwa unapiga kofi kama pale ukumbini.

"Ami Lazhar," akasema, "hii ni kazi ya ajabu."

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Tulikuwa tumepanga kutengeneza nakala ya plasta, lakini hii ni bora mara mia. Tukiondoa lile la asili, tutaweka hili lako mahali pake. Na jina lako tutaliandika."

Fethi alilazimika kugeuka aangalie ukuta.

Nimeandika haya nikiwa nimeketi kwenye mkokoteni. Nimemwonyesha kwamba mimi ndiye mharibifu, akaniajiri kuwa fundi! Nimwambie nini tena? Kwa lugha gani?

Desemba 9

Jua tangu juzi. Tope limekuwa ukoko. Zeituni zimebaki miti minne. Fethi ameteremka mwenyewe kuniambia, na leo hakutania. "Alhamisi, Ami. Asubuhi." Akakaa nami kidogo, akanywa chai, akaondoka. Nilikuwa nikimwona mpuuzi. Si mpuuzi.

Saida ameacha kunishauri. Hiyo ni mbaya zaidi.

Desemba 11

Alhamisi. Nitaandika yote, hata kama kurasa zitaisha.

Lori lilipanda saa tatu. Wafanyakazi wanne, Daktari amevaa kofia ngumu. Nusu ya kijiji kiliacha kuchuma kikaja kutazama, mikono myeusi kwa zeituni, na walikuwepo pia wageni kama kumi wa basi dogo, wakipiga picha za lori kana kwamba nalo ni la Kirumi. Mabruka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, amejifunga shali, kikapu mapajani. Hakunitazama.

Nilijiambia, wacha waanze, labda msumeno utakwama. Waliwasha. Kelele yake ilijaza soko lote mpaka njiwa wa hekalu wakaruka. Msumeno ukagusa jiwe, vumbi jeupe likafuka, likaanza kujaa ndani ya vishimo. Kimoja kimoja. Vikawa havionekani.

Sijui miguu ilinipeleka vipi. Nilijikuta pale pale, hatua mbili kutoka nguzo iliyovunjika, nilipowasimamia Wabelgiji. Nikasema, "Mabruka alisema kweli."

Hakuna aliyesikia. Msumeno.

Nikasema tena kwa nguvu. Mgeni mmoja akanipungia mkono akidhani namsalimu.

Basi nikavuta pumzi yote niliyonayo, nikapaza sauti kama ya mlinzi aliyeona mtoto amepanda ukuta, na hapo hapo yule wa msumeno akauzima ili afute miwani. Sauti yangu ikabaki peke yake sokoni, ikapanda mpaka ukumbini ikarudi:

"MABRUKA ALISEMA KWELI! MWONGO NI MIMI!"

Wote wakanigeukia.

"Rudia," akasema Mabruka kutoka chini. "Mwisho sikusikia vizuri."

"Umesikia, ewe mwanamke!"

"Masikio yangu yana miaka sabini na tisa."

"Mwongo ni mimi," nikasema. "Mbele ya Wabelgiji, na kabla ya Wabelgiji, na baada yao."

Akainuka polepole. Akafungua kikapu, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kile kigingi, bado kina udongo wa uani. Kumbe alikuja nacho. Kumbe tangu asubuhi alikuwa nacho mapajani, ananingoja. Akapanda ngazi moja, mbili, tatu, akampa Daktari.

"Binti yangu," akamwambia, "lete kile kipande chako cha kale."

Daktari alitoa kifuko mfukoni. Akaiweka ncha kwenye kigingi palipovunjika, akaigeuza kidogo, akaigeuza tena, ikaketi. Kutu kwa kutu, hata unywele usingepita. Alikaa hivyo muda mrefu, amevishika viwili kama mtu anayesubiri gundi ikauke.

Kisha akaketi kwenye ngazi, kofia ngumu na yote. "Ripoti nimekwisha ipeleka," akasema. Alikuwa akisema peke yake.

Nikamwonea huruma. Sikutarajia. Tangu mwezi uliopita nilimwona kama mtoto wa mjini anayejua vitabu tu, lakini yeye alipiga magoti kwenye jiwe lile kwa kuniamini mimi.

Alipoinua kichwa aliuliza jambo moja tu. "Sawa, Ami. Askari ulibuni, nimeelewa. Lakini mafuta kwa nini? Kishimo cha ishirini na sita ni cha nini?"

Watu wote walikuwa wakinitazama, na Mabruka zaidi ya wote, maana hili hata yeye halijui.

Nilikuwa nimeapa. Lakini siku yenyewe nilikuwa nimekwisha ivunja, nikaona bora niivunje yote.

Nikasema: Mokdad alikuwa akisoma shule ya Wafaransa, mimi nilikuwa wa mbuzi. Alisema, tano mara tano ni ishirini na sita, mwalimu kanifundisha. Mimi sikuwa na shule lakini vidole nilikuwa navyo, nikajua ni ishirini na tano. Nikanyamaza, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu. Akachimba cha ishirini na sita, pembeni, kwa kuwa ndani nafasi imekwisha, na bado hakuona. Chuma kikavunjika. Ndipo akahesabu. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akanishika bega akasema, Lazhar, usimwambie mtu. Miaka minane baadaye akaenda Bizerte. Wageni walipoanza kuniuliza hicho cha nini, ningewajibu nini? Kwamba kaka yangu hakujua hesabu, nao wacheke? Nikasema mafuta.

Hakuna aliyecheka. Fethi alivua kofia, sijui kwa nini.

Daktari akawaambia watu wa msumeno wakunje vitu vyao. Jiwe lina mkato upande wa kushoto, urefu wa kidole. Utabaki.

Tukishuka, Mabruka alikuja kando yangu. "Ishirini na sita!" akasema. "Na mimi nilichapwa kwa hesabu hiyo!"

"Kumi na nne," nikasema.

"Mokdad alisema ngapi?"

"Kumi na tatu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa na vumbi machoni.

Desemba 12

Nimelala mpaka adhuhuri.

Desemba 20

Barua imekuja, ina mihuri. Saida alinisomea mara mbili, kisha nikaisoma mwenyewe kidole juu ya mstari, kwa kuwa sikumwamini. Inasema jiwe litabaki, halina thamani ya kuhamishwa. Hiyo ni aya ya kwanza. Aya ya pili inasema Bwana Lazhar bin Amor, kwa kuwa alipotosha wageni na wataalamu na pia aliharibu ngazi ya kale, hataruhusiwa tena kuongoza mtu yeyote ndani ya eneo.

Miaka sabini na miwili wamechelewa na hiyo ya ngazi.

Nimekasirika, nisiseme uongo, maana nimekatazwa. Hanshiri ndiko kwetu! Hao walioandika barua hawajui mama alikuwa akimwaga majivu wapi. Nilitaka nipande nikawaambie. Saida akasema, "Baba, jiwe si limebaki?" Nikasema, jiwe limebaki, mimi ndiye niliyehamishwa. Mara ya pili.

Desemba 21

Daktari Emna amepita kuaga kabla ya kurudi mjini. Hakuleta maneno mengi. Ameniletea nakala ya karatasi yake mpya, na akaniwekea kidole mahali pa kusoma. Imeandikwa: vishimo vilichimbwa na Mokdad na Lazhar, wana wa Amor, na Mabruka bint Hsin akilinda njia. Nikamwambia amekosea, jina langu lingetangulia, mimi nilichimba kumi na vinne. Akasema, "Ami, kwa hesabu ya nani?"

Amejifunza.

Desemba 27

Zeituni zimekwisha, mafuta yako kwenye mtungi, makali kooni kama yanavyotakiwa.

Leo nimepanda kilimani, nikasimama dirishani kwa Fethi.

"Tiketi moja."

"Ami, usinifanyie hivyo. Pita tu."

"Kuongoza nimekatazwa. Kutembea sikukatazwa. Kata tiketi."

Akakata. Mkazi wa hapa ni nusu, akaandika nusu. Nikaingia mlango wa juu kama mgeni, nikafuata mishale. Mishale inakupitisha mabafu kwanza, kisha hekalu kwa nyuma, na nyumba yetu unaiona kwa mbali tu. Njia mbovu sana. Ukumbini nilisimama juu kabisa nikasubiri, lakini hapakuwa na mtu wa kupiga kofi chini.

Mabruka alikuwa tayari kwenye ngazi ya tatu. Ameleta kokwa za tende kumi na mbili, nami nikaokota kokoto. Tukapanga mbwa wetu wawili wawili, katikati wazi. Nilimwambia ajiandae, hakuna aliyenishinda tangu mwaka wa mafuriko.

"Kwa sababu hujacheza na mimi," akasema, akala mbwa wangu wawili.

"Huo si mchezo, ni wizi!"

"Mwite mlinzi."

Tukiwa hapo akafika mgeni, mwanamke na mumewe, na kitabu mkononi. Akainama akahesabu kwa midomo. Akaniuliza kwa Kifaransa, hiki cha pembeni ni cha nini? Nikatazama dirisha la Fethi. Nikamtazama Mabruka. Mabruka akatazama njia.

"Kaka yangu alikosea hesabu," nikamwambia.

Akasema "Ah," akatabasamu, akamwita mumewe aje aone. Wakasimama hapo kuliko walivyosimama hekaluni.

Walipoondoka Mabruka alichukua kokwa moja kati ya mateka zake, akaiweka kwenye kishimo cha ishirini na sita. "Huyu wa Mokdad," akasema. "Asiguswe." Kisha akanifunga. Mara mbili. Ya pili kulikuwa na jua machoni mwangu.

Anayebisha haya amuulize Mabruka bint Hsin, nyumba ya pili baada ya kisima, ambaye ni mkaidi lakini hasemi uongo. Amuulize Fethi, anacho kishina cha tiketi yangu. Amuulize Daktari Emna, ana karatasi na ana kile kifuko. Na kama wote wameondoka nikabaki mimi, kama ilivyo desturi yangu, na mtu haniamini, namuelewa. Apande hadi ngazi ya tatu, asihesabu kwa mara wala kwa kitabu, aweke kidole kimoja kimoja. Ni ishirini na sita.